Baiskeli Isiyoomba Nenosiri

  Katika toleo lililopita nililalamika kuhusu kokoto zinazomwagwa njiani wakati wa barafu, na mwalimu mmoja akaniambia kwamba nalalamika kama mzee wa miaka sabini. Nimesikia. Leo silalamiki. Leo naungama.

Mama yangu anafanya kazi ya kuwahudumia wazee majumbani mwao, ile ambayo hapa huitwa hemtjänst. Eneo lake ni hapa hapa Spånga: Solhem, Bromsten, Flysta, na siku nyingine mpaka Nälsta. Kutoka nyumba moja hadi nyingine si mbali, lakini nyumba ni nyingi, na kila moja ina dakika zake kwenye ratiba iliyomo ndani ya simu. Kwa hiyo yeye na wenzake wengi hutumia baiskeli. Mama alikuwa na baiskeli ya kawaida, na kila jioni alikuwa akijipaka dawa kwenye magoti.

Basi mimi, mtoto mwema na mpenda baiskeli, msomaji wa kila kitu kinachoandikwa kuhusu gia na betri, nikamshawishi anunue baiskeli ya umeme. Nilitafuta mwenyewe, nikalinganisha bei mwenyewe, na nikachagua ile iliyonipendeza mimi. Haina waya hata mmoja unaoonekana. Taa zimo ndani ya fremu, na kufuli limo ndani ya gurudumu la nyuma. Ufunguo hakuna. Unaikaribia ukiwa na simu yako, baiskeli inakutambua, kufuli linafunguka lenyewe.

Dukani mama aliuliza swali moja tu: "Na simu ikikataa?"

Nikamjibu kwa kujiamini kwamba simu za siku hizi hazikatai. Programu nikaisajili mimi, kwa barua pepe yangu, kwa sababu nilikuwa na haraka ya kuijaribu. Ile baiskeli yake ya zamani tukaigawa.

Asubuhi moja ya Januari, nyuzi 11 chini ya sifuri, mama alitoka kwa mzee wake wa pili, akasimama mbele ya baiskeli, na baiskeli haikumtambua. Programu ilikuwa imejisasisha na kumtoa nje, na sasa ilitaka nenosiri. Nenosiri nilikuwa nalo mimi. Akaomba jipya, na namba ya kuthibitisha ikatumwa kwenye barua pepe yangu. Wakati huo mimi nilikuwa kwenye ukumbi wa mtihani. Simu ilikuwa imezimwa, imo ndani ya begi, na begi liko mbele ya ukumbi kama sheria inavyotaka.

Ile ni baiskeli ya zaidi ya kilo 20. Gurudumu la nyuma likishafungwa, haisukumiki wala haibebeki. Ni mali ya mama, ameilipia kwa mshahara wake. Akaiacha kwenye theluji na kwenda kwa miguu.

Mzee wa tatu ana zaidi ya miaka 90. Kila asubuhi husubiri mtu wa kumpa dawa na kumpikia uji. Siku hiyo alisubiri dakika 35, kisha akaamua kujipikia mwenyewe. Mama alipofika alikuta jiko linawaka, sufuria tupu juu yake, na mzee amesinzia kwenye kiti. Hakuna lililotokea, tunashukuru. Lakini mama aliponisimulia alirudia mara mbili: "Sufuria tupu, na jiko linawaka."

Nilipotoka kwenye mtihani nilikuta amenipigia mara 11, na ameacha ujumbe mmoja wa sauti. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alisema: "Mwanangu, baiskeli yangu inaniuliza mimi ni nani."

Jioni ile niliirudisha baiskeli ya umeme nyumbani, nikaipeleka chini kwenye chumba cha baiskeli cha jengo letu. Mnavijua vyumba hivyo. Kila jengo lina chake, na kila kimoja kina baiskeli ambazo hakuna anayejua ni za nani. Yetu ya aina hiyo angalau tuliijua. Ilinunuliwa zamani kwenye soko la vitu vilivyotumika. Ni ya kijani, ina gia tatu, na breki yake ni ile ya kukanyaga pedeli kinyumenyume. Tairi zilikuwa hazina upepo, na gurudumu la mbele lilikuwa likinguruma. Nikaamua kwamba mama hataenda kazini kwa miguu tena kwa sababu yangu.

Hapa kuna aibu nyingine ya kuungama. Mimi ninayewaandikia kuhusu baiskeli kila toleo naweza kuwatajia uzito wa baiskeli za mashindano kwa gramu, lakini sikuwahi hata siku moja kufungua kitovu cha gurudumu. Nikafanya kile ambacho watoto wa ughaibuni hufanya wakikwama. Nilimpigia mjomba.

Mjomba ni fundi baiskeli Ifakara. Waliofika Ifakara wanajua: mji uko kwenye bonde la Kilombero, ardhi tambarare, mpunga kila upande, na baiskeli ni kama viatu, kila mtu ana yake. Watu hubebea magunia ya mchele, wagonjwa, kuku na wachumba. Karakana ya mjomba ni mwembe, benchi na sanduku la spana. Mimi namwita mjomba, naye ananiita mjomba, kwa hiyo mazungumzo yetu huwa hivi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Mbona uko gizani?"

"Niko stoo. Gurudumu la mbele linanguruma."

"Liinue. Lizungushe. Weka simu hapo karibu nisikie."

Nikaisogeza simu. Akasikiliza kimya, kisha akasema, "Gololi zimekauka, na nadhani moja imepasuka. Fungua."

Nikakwama, si kwa spana bali kwa neno. Gololi nilizozijua mimi ni zile za kioo ambazo watoto huchezea. Nikamwambia, "Mjomba, hapa hakuna watoto." Alicheka mpaka wateja wake wakaja kuchungulia kwenye simu. Kisha akanieleza: ni vile vitufe vya chuma vinavyozunguka ndani ya kitovu cha gurudumu, na yeye na mama yangu walipokuwa wadogo walivitoa kwenye baiskeli mbovu na kuvichezea uani. Mama, aliyekuwa ameshuka kutuangalia, akadakia kwamba yeye ndiye aliyekuwa akishinda. Mjomba akakana. Wakabishana dakika nzima kwenye simu yangu kuhusu gololi za miaka ya themanini.

Nimesoma Kiswahili hapa chuoni kwa mwaka mmoja na nusu. Naweza kuandika insha kuhusu utandawazi. Lakini usiku ule ndipo nilipojifunza kusema spoku, madigadi, karia na tyubu, na tofauti ya "kaza" na "kaza kidogo". Nilizitoa gololi, nikazihesabu: 20, yaani 10 kila upande. Moja ilikuwa imepasuka kama alivyosema. Nilinunua mpya kwa bei iliyo chini ya kikombe cha kahawa cha hapa mjini. Nikapaka grisi, nikarudisha kila kitu, na mjomba akaniongoza: "Kaza. Sasa rudisha kidogo. Litikise. Linacheza? Kaza tena, kidogo." Kisha tyubu: tuliitia kwenye beseni la maji, tukaona mapovu yanakotoka, tukaikausha, tukaikwangua kwa msasa, tukapaka solusheni na kutia kiraka. Jumatatu asubuhi mama aliondoka na baiskeli ya kijani, na mfukoni ana ufunguo wa kufuli la kawaida.

Kuna jambo ambalo nimelijua baadaye. Gololi zina historia kubwa hapa hapa Uswidi. Mwaka 1907, mhandisi Sven Wingquist alikuwa akishughulikia matengenezo kwenye kiwanda cha nguo mjini Göteborg. Mihimili ya mashine ilikuwa ikipinda kidogo na kuua vyuma vilivyoishikilia, na kila mara kazi ilisimama. Akabuni mzunguko wenye safu mbili za gololi unaokubali mhimili uelekee upande kidogo bila kukwama. Mwaka huo huo kampuni ya SKF ikaanzishwa, na mpaka leo ni miongoni mwa wakubwa wa kazi hiyo duniani. Mjomba nilipomsimulia hakushangaa. Alisema, "Aliyechoka kutengeneza ndiye anayejua cha kubuni."

Sasa msidhani kilichompata mama ni bahati mbaya yake peke yake. Mwezi Julai 2023, kampuni ya VanMoof ya Amsterdam, iliyokuwa ikitengeneza baiskeli za umeme zilizosifiwa Ulaya nzima, ilifilisika. Baiskeli hizo zilitegemea simu kwa mambo mengi, na ufunguo wa kidijitali wa kila moja ulipatikana kupitia seva za kampuni. Wenye baiskeli wakaanza kuuliza: seva zikizimwa, baiskeli yangu itanitambua? Kampuni shindani ya Ubelgiji, Cowboy, ikatengeneza haraka programu ya kuwasaidia watu wahifadhi funguo hizo kwenye simu zao kabla mambo hayajaharibika. Mwishoni mwa Agosti mnunuzi alipatikana, na seva hazikuzimwa. Lakini fikiria: maelfu ya watu wana baiskeli nzima, mnyororo mzima, tairi zina upepo, na wanaomba Mungu kompyuta fulani katika mji mwingine isizimwe.

Kampuni za kutengeneza baiskeli zimekuwa zikifilisika tangu zamani, na baiskeli zao hazikujua. Huko Ifakara mjomba anatengeneza baiskeli ambazo hajui kiwanda chake kama bado kipo. Hana haja ya kujua. Nati ni nati, na gololi ya ukubwa fulani ni ile ile hata ikitoka nchi nyingine.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya, na walimu mnisahihishe. Kabla ya kununua kifaa chochote, iwe baiskeli, simu, mashine ya kufulia au taa ya chumbani, tusiulize kwanza kinafanya nini kikiwa kizima. Dukani kila kitu ni kizima. Tuulize swali la mama: kikikataa? Nani atakifungua? Ni mimi, ni fundi wa mtaani, au ni mtu mmoja tu duniani mwenye nenosiri? Kama ni huyo mmoja tu, basi hujanunua. Umekodi, ila umelipa bei ya kununua.

Msinielewe vibaya, sisemi turudi zamani. Mota ya umeme iliyapumzisha magoti ya mama, na hakuna falsafa yangu itakayoyapumzisha. Taa za siku hizi zinaangaza vizuri, na kwenye giza la Desemba la hapa, ambapo saa tisa mchana jua limeshazama, taa ni uhai. Tairi zenye misumari ya kuzuia utelezi nazipenda kuliko simu yangu. Hizo zote ni teknolojia, na hakuna hata moja inayoniuliza mimi ni nani.

Wala baiskeli ya zamani si malaika. Nilipomsimulia kisa hiki mwanachama mwenzetu ambaye wazazi wake wametoka Lubumbashi, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama najua tairi za upepo zilitoka wapi. Nilijua jibu la kitabuni: Dunlop, Belfast, 1888. Yeye akanipa jibu la kwao. Tairi hizo za baiskeli, na baadaye za magari, ndizo zilizoifanya dunia iwe na njaa ya mpira, na katika Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji watu walilazimishwa kuutafuta msituni, na waliokosa kutimiza kiasi walipigwa, walikatwa mikono, waliuawa. Leo betri nyingi za lithiamu zina kobalti, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo hiyo hiyo, upande wa Kolwezi na Lubumbashi, ambako watu huongea Kiswahili. "Kwa hiyo," akaniambia, "ukiandika, usiandike kama baiskeli yako ya kijani haidaiwi na mtu." Nimeandika. Naongeza tu kwamba hiyo ni sababu nyingine ya kutengeneza. Kama betri imetoka kwenye jasho la mtu wa Kolwezi, basi ni dharau kuitupa kwa sababu programu imepitwa na wakati.

Jambo hili halihusu Ulaya tu. Boda boda, kama mnavyojua, zilianza kama baiskeli za kuvusha abiria mpakani mwa Kenya na Uganda, kisha pikipiki zikachukua nafasi. Sasa zinakuja za umeme. Kampuni ya Roam ya Nairobi, iliyoanza mwaka 2017 kwa jina la Opibus na waanzilishi kutoka Uswidi, inatengeneza pikipiki ambazo mwenye nayo anaweza kutoa betri na kwenda kuichaji nyumbani. Kampuni nyingine, kama Ampersand iliyoanzia Rwanda, zina mpango tofauti: dereva ana pikipiki, lakini betri ni ya kampuni, na ikiisha anaibadilisha kwenye vituo vya kampuni hiyo. Mpango huo una faida zake. Dereva halipii betri ambayo ni ghali, wala hasubiri ichajiwe. Lakini ningependa kila dereva aulize swali la mama kabla ya kutia sahihi: na vituo vikifungwa?

Nasi hapa tuna la kujiuliza. Uswidi hujisifu kwa kutunza mazingira. Mwaka 2017 serikali ilishusha VAT ya kutengeneza baiskeli, viatu na nguo kutoka asilimia 25 hadi 12, ili watu watengeneze badala ya kutupa. Julai 2022 ikashushwa tena hadi 6. Kisha Aprili 2023 ikarudishwa 25 kama ilivyokuwa. Leo fundi wa baiskeli wa hapa Spånga anatozwa kiwango kile kile cha kodi na anayeuza baiskeli mpya. Sijui uchumi, nasoma lugha. Lakini najua kwamba kazi ya mikono katika nchi hii ni ghali, na mtu akiambiwa bei ya matengenezo halafu akaona bei ya mpya kwenye tangazo, mara nyingi ya zamani huishia kwenye kile chumba cha chini ya jengo.

Mtauliza baiskeli ya umeme imeishia wapi. Nilitaka kuiuza, nikidhani nitaonekana mtu mwenye msimamo. Mama akakataa. "Magoti ni yangu, si yako," alisema. Tukaketi mezani, yeye na simu yake, mimi mikono nimeiweka mfukoni. Alijisajili mwenyewe kwa barua pepe yake, akachagua nenosiri ambalo hajaniambia na sijauliza. Tukatafuta kwenye mipangilio na kulizima lile kufuli la ndani ya gurudumu. Sasa inafungwa kwa mnyororo na ufunguo, na mota inawaka kwa kubonyeza kitufe, bila simu. Jambo hilo lilikuwa linawezekana tangu siku ya kwanza. Mimi niliyejifanya mtaalamu sikulitafuta, kwa sababu nilipenda ule mlio wa kufuli likifunguka lenyewe.

Siku za baridi kali bado anachukua ya kijani. Anasema inajua njia.

Na yule mzee wa zaidi ya miaka 90? Mama alimweleza kwa nini alichelewa. Mzee akacheka na kumwambia kwamba ujana wake alikuwa fundi, na kwamba kama angepelekewa ile baiskeli angeifungua kwa bisibisi. Mama amemwahidi kuipeleka siku ya jua.

Nawaachia kazi ya kufanya. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, baada ya kikao, nitakuwa uani nje ya chumba chetu cha klabu na pampu, spana, beseni la maji na viraka. Leteni baiskeli zenu. Sharti ni moja: tunatengeneza kwa Kiswahili, na asiyejua neno anauliza. Kwetu husema pancha, kiraka, gololi. Wa Mombasa, wa Bukavu, wa Kampala, wa Muscat, kwenu mnasemaje? Nitayaandika yote na kuyachapisha toleo lijalo, kila neno na mahali lilikotoka. Mjomba ameahidi kuwa hewani kuanzia saa nane. Msimpigie kabla ya hapo, atakuwa na wateja.